Farasi si ng'ombe: mwongozo wa kumlisha farasi na kumkinga na maradhi Afrika Mashariki

Katika mashamba ya nyanda za juu, kuanzia Nanyuki na Naivasha hadi Arusha, farasi mara nyingi hufugwa ubavuni mwa ng'ombe wa maziwa. Stoo ya chakula ni moja, malisho ni mamoja, dawa ya kupe hutoka kwenye ndoo ileile. Matatizo mengi huanzia hapo. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne na mnyama mwenyewe hucheua, kwa hiyo chakula huchachushwa na vijidudu kabla hakijafika utumboni, na sumu nyingine huvunjwavunjwa humo humo. Tumbo la farasi ni moja, dogo, lenye ujazo wa lita 8 hadi 15 tu. Nyasi zake huchachukia nyuma kabisa, kwenye utumbo mpana. Tena farasi hawezi kutapika: alichomeza hakina njia ya kurudi.

1. Jua uzito wake

Lishe, dawa ya minyoo, chumvi, vyote hupimwa kwa uzito, na kukisia kwa macho hukosea sana. Chukua utepe wa fundi cherehani. Pima mzingo wa kifua: utepe upite juu ya kinundu kilicho mwisho wa shingo, ushuke nyuma tu ya miguu ya mbele, ukazwe bila kubana, na usome anapotoa pumzi. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya kalio, upande mmoja. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, vyote kwa sentimita, halafu gawanya kwa 11,880. Jibu ni kilo.

Mfano: mzingo 180, urefu 160. 180 × 180 × 160 ni 5,184,000. Ukigawanya kwa 11,880 unapata kilo 436. Kanuni hii ni ya farasi mzima. Usiitumie kwa mtoto wala kwa jike mwenye mimba kubwa.

Rudia kila mwezi, na kila unapopima pitisha kiganja ubavuni. Mbavu zinatakiwa zisionekane lakini ziguswe kwa urahisi. Ukilazimika kubonyeza ili uzipate, amenenepa kupita kiasi. Ukingo wa juu wa shingo ukiwa mgumu kama mpira uliojazwa upepo, punguza chakula leo.

2. Nyasi kwanza

Farasi anahitaji chakula kikavu cha asilimia 2 hivi ya uzito wake kwa siku. Nyasi pekee zisishuke chini ya asilimia 1.5, hata kwa farasi anayepunguzwa unene. Yule wa kilo 436 atahitaji kilo 9 hadi 10 za nyasi kavu, zigawanywe mara tatu au nne, na fungu kubwa liwe la usiku. Tumbo lake hutoa asidi saa zote, ale asile. Akikaa na hori tupu kuanzia magharibi hadi asubuhi, vidonda vya tumbo havichelewi.

Usihesabu kwa marobota. Robota moja la muuzaji huyu na jingine la muuzaji yule yaweza kupishana kwa kilo kadhaa. Tumia mizani ya kuning'iniza. Nyasi nzuri ni za rangi ya kijani hafifu, zenye majani mengi kuliko mashina, na harufu tamu. Fungua robota katikati, utie mkono ndani. Likiwa na joto, vumbi jeupe au harufu ya uvundo, usimpe hata kidogo. Ng'ombe huenda akalila bila neno. Farasi atakohoa kwa miezi, au ataumwa tumbo usiku huohuo.

Nyasi za Rhodes ndizo chaguo salama kwa eneo letu, kwa sababu inayoelezwa katika hatua ya 4. Lusani ni nzuri kwa protini na kalsiamu, lakini iwe nyongeza: kilo 1 hadi 2 kwa siku humtosha farasi wa kazi nyepesi. Matete mabichi yaliyokatwakatwa yasiwe chakula kikuu. Majani yaliyokatwa kwa mashine na kurundikwa huanza kuchachuka baada ya saa chache, na hapo gesi ya tumboni hufuata.

Maji: lita 25 hadi 45 kwa siku, zaidi wakati wa joto na kazi. Sugua birika kila siku ya pili. Chumvi ya kawaida ya jikoni, vijiko viwili vya chakula kwa siku, ichanganywe kwenye chakula, hata kama kuna jiwe la kulamba. Ulimi wa farasi ni laini kuliko wa ng'ombe, na wengi hawalambi vya kutosha.

3. Nafaka na pumba

Farasi anayekaa malishoni au anayepandwa mara mbili kwa wiki hahitaji nafaka. Anayefanya kazi kweli ndiye apewe, kwa masharti haya:

- Mlo mmoja wa nafaka usizidi nusu ya asilimia ya uzito wake. Kwa farasi wetu ni kilo 2, na ni afadhali ibaki 1.5. Wanga ukizidi uwezo wa utumbo mwembamba humwagika kwenye utumbo mpana, vijidudu vya nyasi hufa, asidi hupanda, na kwato ndizo hulipa.
- Pima kwa mizani. Gorogoro, lile kopo la kupimia sokoni, ya mahindi hukaribia kilo 2. Gorogoro ileile ya pumba za ngano haifiki hata kilo 1.
- Mabadiliko ya chakula, hata ya nyasi kwa nyasi, yachukue siku 7 hadi 14. Robo mpya na robo tatu za zamani kwa siku tatu, kisha nusu kwa nusu, na kuendelea.
- Siku ya mapumziko punguza nafaka kwa nusu au iondoe kabisa, ila nyasi zibaki zilezile.

Mahindi yanahitaji onyo la peke yake. Mahindi yaliyoota kuvu ya waridi au nyeupe huwa na sumu ya fumonisini, ambayo kwa farasi huyeyusha ubongo. Ng'ombe huivumilia kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana mahindi yaliyokataliwa jikoni huishia kwenye mifugo. Farasi aliyeyala huacha kula, huyumba, hupofuka, husukuma ukuta kwa paji la uso, na hufa ndani ya siku chache. Tiba hakuna. Wala kuyachambua kwa mkono hakusaidii, maana punje yenye sumu yaweza kuonekana safi. Gunia likiwa na uvundo, litupe. Na pumba zilizotoka kwenye mahindi ya namna hiyo ni hatari zaidi ya punje zenyewe.

4. Kalsiamu: ugonjwa wa kichwa kikubwa

Tatizo hili huwapita wengi kwa sababu huja polepole. Nyasi ya Kikuyu, iliyojaa kwenye malisho ya nyanda za juu, pamoja na setaria, ina oksaleti nyingi. Oksaleti hukamata kalsiamu utumboni, na farasi huitoa kwa mavi bila kuitumia. Ng'ombe ana vijidudu vinavyoivunja oksaleti mapema. Farasi hana msaada huo. Ongeza hapo pumba za ngano, ambazo fosforasi yake ni karibu mara kumi ya kalsiamu, na mwili huanza kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa.

Dalili ya kwanza ni kuchechemea kunakohama: leo mguu huu, wiki ijayo ule, na hakuna jeraha. Farasi hupungua, hutembea kwa hatua fupi, hutafuna kwa uchungu. Mwishowe mifupa ya uso huvimba pande zote mbili, juu kidogo ya taya. Ukisubiri uso uvimbe umechelewa sana.

Kinga yake si ya gharama. Kama malisho yako ni ya Kikuyu au setaria, mpe farasi wa kilo 500, kila wiki, kilo 1 ya mchanganyiko wa theluthi moja chokaa ya mifugo iliyosagwa na theluthi mbili DCP (dikalsiamu fosfeti, unga wa madini wa mifugo), uliokorogwa na kilo 1.5 za molasi ili aukubali. Gawa kwa siku saba. Mwenye dalili hupewa maradufu na huondolewa kwenye malisho hayo. Kupona huchukua miezi. Hakikisha chokaa ni ile ya chakula cha mifugo. Ya kupaka ukutani huunguza mdomo. Nyasi za Rhodes hazina shida hii, kwa hiyo anayelishwa Rhodes na lusani hahitaji mchanganyiko huo.

5. Vitu vya ng'ombe visivyomfaa farasi

*Chakula chenye monensini.* Hii ni dawa inayowekwa kwenye vyakula vingi vya kuku na baadhi ya vya ng'ombe. Miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito wa farasi zatosha kumuua, kwa kuharibu misuli ya moyo. Soma lebo ya kila gunia. Kama chakula kinachanganywa kijijini, uliza mashine imesaga nini kabla ya chako. Mabaki ya chakula cha kuku ndani ya mashine yamekwisha kuua farasi. Dalili ni kutoka jasho, kuyumba, maumivu ya tumbo na moyo kwenda mbio. Hakuna dawa ya kuizimua.

*Dawa ya kupe yenye amitrazi.* Kwa ng'ombe ni dawa ya kila wiki. Kwa farasi husimamisha mwendo wa utumbo, mavi hukauka ndani na njia huziba. Tumia dawa za jamii ya pairethroidi, kama deltamethrini au flumethrini, ambazo lebo yake inataja farasi, na umpake kwa sifongo masikioni, chini ya mkia, kwenye mapaja kwa ndani na kwenye manyoya ya shingo. Usimpitishe kwenye josho la ng'ombe.

*Sindano ya minyoo ya ng'ombe.* Ivermektini ya farasi ni ya kumlisha, ya bomba la mdomoni, miligramu 0.2 kwa kilo. Ile ya sindano huweza kuleta uvimbe mkali wa bakteria kwenye misuli.

*Sindano za ndigana na nagana.* Farasi huugua homa ya kupe na malale, tena sana, lakini dozi ya ng'ombe si dozi yake. Diminazini, ambayo ng'ombe huivumilia vizuri, humdhuru farasi kwa urahisi. Sindano hizi aachiwe daktari wa mifugo.

6. Ukaguzi wa kila asubuhi

Saisi, yaani mtunza farasi, akiwa mzuri hujua farasi hayuko sawa kabla hajashika kipimajoto, kwa kuangalia hori na sakafu. Nyasi zimebaki? Mavi ni mafungu mangapi? Kwa siku nzima hutarajiwa mafungu 8 hadi 12, yenye unyevu, yanayovunjika yakidondoka. Maji yamepungua? Kisha ndipo upime.

Joto la mwili ni nyuzi 37.5 hadi 38.5. Mapigo ya moyo ni 28 hadi 44 kwa dakika akiwa ametulia. Utayapata kwenye mshipa unaopita chini ya taya, hesabu sekunde 15 uzidishe kwa nne. Pumzi ni 8 hadi 16. Ufizi uwe wa waridi na wenye mate. Ukiubonyeza kwa kidole, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Weka sikio ubavuni, kushoto na kulia: tumbo linatakiwa lingurume. Ukimya ni habari mbaya. Andika namba hizi kwa wiki nzima akiwa mzima, ili siku akiugua ujue kawaida yake mwenyewe.

7. Msokoto wa tumbo

Anakwangua chini kwa kwato, anageuka kutazama ubavu, analala na kuinuka, anakunja mdomo wa juu, hataki kula. Fanya hivi:

1. Ondoa chakula chote. Maji yabaki.
2. Pima mapigo, ufizi na sauti za tumbo, andika na saa.
3. Mpigie daktari simu sasa, si baada ya saa tatu. Mapigo yakizidi 60, ufizi ukiwa mweupe, mwekundu uliokolea au wa zambarau, au tumbo likiwa kimya pande zote, sema hivyo mwanzoni kabisa mwa mazungumzo.
4. Akitaka kujibiringisha kwa nguvu, mtembeze polepole dakika 10 hadi 15. Akilala kimya, mwache. Kumzungusha uwanjani usiku kucha humchosha tu.
5. Usimnyweshe kitu kwa chupa: si mafuta, si soda, si maji ya majivu. Kinywaji kinachomiminwa kwa nguvu huingia mapafuni, na nimonia yake huua hata pale tumbo lilipopona lenyewe. Mafuta hupelekwa tumboni kwa mpira unaopitishwa puani, kazi ya daktari.
6. Usirudie dawa ya maumivu bila idhini yake. Huficha dalili za utumbo uliojisokota, na saa za upasuaji hupita.

Pwani kuna sababu ya ziada. Farasi wa Diani na kwingineko ufukweni huokota chakula juu ya mchanga, nao mchanga hurundikana kwenye utumbo mpana. Chukua vitonge sita vya mavi ambavyo havikugusa chini, vitie kwenye mfuko wa plastiki unaoona ndani, ongeza maji, koroga, uning'inize robo saa. Mchanga ukijikusanya kwenye pembe ya chini hata kijiko kimoja cha chai, kuna kazi. Lisha kwenye hori au juu ya mkeka wa mpira, na usimtoe na njaa mahali penye majani mafupi. Daktari anaweza kuagiza isabgol (maganda ya mbegu za psyllium), ile inayouzwa kwenye maduka ya viungo, kwa gramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku kadhaa. Mpe ikiwa kavu juu ya chakula chenye unyevu kidogo, ale mara moja. Ukiiloweka itakuwa uji mzito ambao hataugusa.

8. Kwato zinapowaka moto

Uvimbe wa ndani ya kwato, laminitisi, huwapata farasi wanene kwenye majani mapya ya mvua, majike waliobakiwa na kondo la nyuma, na wale waliovunja mlango wa stoo. Husimama akiegemea nyuma, miguu ya mbele imenyooshwa mbele, hataki kugeuka. Kwato ni za moto, na mshipa ulio nyuma ya kifundo hudunda kwa nguvu.

Ukigundua ameingia stoo na kula nafaka, usingoje dalili. Kati ya kula na kuchechemea yaweza kupita siku nzima au mbili, na muda huo ndio wa kuokoa. Mwite daktari amsafishe tumbo. Wakati huohuo itie miguu yake kwenye barafu na maji hadi juu ya kifundo, mfululizo, saa 48. Mifuko ya plastiki migumu iliyofungwa mguuni hufanya kazi pale pasipo na buti maalumu. Mlaze kwenye mchanga au maranda ya mbao yenye kina cha sentimita 15 au zaidi. Usimtembeze. Nyasi zake ziloweke kwa maji dakika 30 hadi 60 na kuyamwaga maji hayo, ili sukari ipungue.

9. Mvua, usubi na chanjo

Ugonjwa wa farasi wa Kiafrika ni virusi vinavyosambazwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma machweo na alfajiri. Aina ya mapafu huua hadi farasi 95 katika 100: homa, kisha pumzi za kuhangaika, povu puani, mauti, wakati mwingine ndani ya saa chache tangu aonekane mgonjwa. Aina ya moyo huenda taratibu zaidi, na alama yake ni kuvimba kwa vishimo vilivyo juu ya macho. Punda milia na punda wa kwetu hubeba virusi bila kuonyesha lolote, kwa hiyo farasi aliye karibu na hifadhi hana likizo.

Chanjo hutolewa kwa chupa mbili zilizopishana wiki 3 hadi 4, na hurudiwa kila mwaka kabla ya msimu. Panga na daktari ili dozi zote ziishe kabla ya masika. Baada ya kila dozi mpumzishe kazi nzito wiki 2. Haizuii aina zote 9 za virusi, kwa hiyo miezi ya mvua mwingize bandani kabla jua halijazama, mtoe baada ya kuchomoza vizuri, weka wavu wenye matundu madogo sana madirishani, na ondoa madimbwi na marundo ya samadi karibu na banda. Ukimshuku mmoja, ripoti kwa ofisi ya mifugo. Ni ugonjwa wa kutolewa taarifa kisheria.

Pepopunda na kichaa cha mbwa zina chanjo za bei nafuu kulinganisha na thamani ya farasi. Kwa pepopunda hakuna mnyama wa kufugwa anayedhurika upesi kama farasi. Kitobo cha msumari kwenye kwato chatosha.

10. Minyoo, meno, kwato

Kumpa dawa ya minyoo kila miezi miwili bila kupima ndiko kunakozalisha minyoo sugu. Peleka mavi maabara: zaidi ya mayai 200 kwa gramu, mtibu, chini ya hapo, mwache. Kuzoa mavi malishoni mara mbili kwa wiki hupunguza minyoo kuliko bomba lolote la dawa.

Meno yakaguliwe kila mwaka. Farasi anayedondosha vitonge vya nyasi zilizotafunwa nusu, au anayekonda wakati hori linaisha, ana ncha kali zinazomkata shavu. Kumwongezea nafaka hakutibu hilo. Kwato zichokorwe kila siku na zipunguzwe kila wiki 6 hadi 8.

Mwisho, kwa wenye punda au farasi wadogo wanene: usimfungishe kula ili apungue. Akikosa chakula ghafla, mwili huyeyusha mafuta kwa kasi, yanajaa kwenye damu na ini, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Punda aliyeacha kula kwa siku moja, hata kama amesimama tu kwa upole bila kelele, aonwe na daktari siku hiyohiyo.